Nimchore chui wa mpinzani?

SWALI: Dada, nasaga na kuuza sembe hapa Morogoro, nembo yangu ni kuku. Mpinzani wangu ana chui kwenye mifuko yake. Mchoraji amenishauri bango la chui amelala fofofo, kuku wangu kamkanyaga mkia. Niweke?
Msaga Unga

JIBU: Nimecheka, lakini ngoja kwanza. Mwaka 2009, huko Los Angeles, Audi walitundika bango la gari lao la A4 na maneno ya wachezaji sataranji: zamu yako, BMW. Wauzaji wa BMW wa eneo hilo hawakutaja bei wala injini. Karibu na pale waliweka bango la gari lao la M3 na neno moja tu, lile la kumaliza mchezo mfalme akishanaswa. Audi ndio walioleta sataranji, tena ndio waliompa mwenzao zamu ya kucheza!

Sasa jiulize Chui atajibu nini. Mimi naliona bango lake tayari: chui kaamka, manyoya mdomoni. Hahitaji hata maneno, na mji mzima utamcheka kuku wako.

Mtumie kuku kwa sifa yako. Mchore anadonoa, anachagua punje nzima, zilizovunjika kaziacha pembeni. Mama anayepika ugali ataelewa papo hapo, na Chui hana pa kuingilia.

Ukishikilia wazo la mchoraji, basi asinakili chui yule yule wa kwenye mifuko yao. Nembo ina mwenyewe, na wakili hana bei ya jumla.