Muulize Mjomba: Madiwani wakija kukagua mradi, wanakagua nini?

*Mjomba shikamoo. Mi mama wa watoto wanne, nipo wilaya ya Bagamoyo, kijiji sikitaji manake huku tunajuana wote. Tulichanga mawe na mchanga kwa ajili ya zahanati, tukapandisha boma, serikali ikaleta hela ya kumalizia. Mwaka wa pili huu boma liko usawa wa lenta, nyasi zimeota ndani. Madiwani wamekuja na magari mawili, wakazunguka, wakapiga picha, wakanywa soda, wakaondoka. Ivi izo kamati kazi yake nini, au posho tu?* — Mama wa wanne

Marahaba mwanangu. Posho ipo, nikikwambia haipo utanicheka. Ila kazi nayo ipo, shida ni kwamba haifanyiki pale kwenye boma mnapowaona, inafanyika mezani kabla na baada, na huko ndo inapolala.

Halmashauri ya wilaya kama yetu ina kamati tatu kubwa za kudumu: Fedha, Uongozi na Mipango, alafu Elimu, Afya na Maji, alafu Uchumi, Ujenzi na Mazingira (zipo na za UKIMWI na maadili, leo tuziache). Ya fedha inakaa kila mwezi na mwenyekiti wake ni yule yule mwenyekiti wa halmashauri, zingine zinakaa kila robo mwaka. Sasa zahanati yako inasomwa kwenye Afya, hela yake inasomwa kwenye Fedha, na hapo mambo mengi yanapotelea katikati, huku wanaongelea jengo, kule wanaongelea hela, na diwani asipokuwa makini hayakutanishi.

Mimi nimekaa vikaoni miaka mingi nikiandika mihutasari kwaiyo nakwambia kinachokuwemo. Mkuu wa idara analeta taarifa ya utekelezaji wa robo, ndani ya kabrasha zito ambalo madiwani wengine wanalifungua mara ya kwanza wakiwa washakaa kwenye kiti. Kuna jedwali: jina la mradi, bajeti, fedha iliyopokelewa, iliyotumika, hatua iliyofikiwa, changamoto. Kwenye hatua iliyofikiwa utakuta maneno mawili niliyoyachoka kuliko yote, "ujenzi unaendelea". Unaendelea toka wapi kwenda wapi? Robo iliyopita si iliandikwa ivoivo? Diwani anayejua kazi anakuja na makabrasha mawili, la leo na la robo iliyopita, anayaweka pembeni kwa pembeni. Kama iliyotumika imepanda na jengo halijapanda, hapo ana swali, na swali lenyewe sio "mbona mnatuangusha" bali hela hii imenunua nini, bati ziko stoo ya nani, nani kasaini kuzipokea. Ukimuuliza mkuu wa idara mbona mnatuangusha atakujibu "tumepokea mheshimiwa, tutafanyia kazi" na kikao kinasonga. Ukimuuliza bati ziko wapi lazima afungue faili.

Alafu kuna kitu kinaitwa yatokanayo. Ni ajenda ya mwanzo mwanzo kabisa, mnapitia yale mliyoagiza kikao kilichopita. Wengi wanaipitia haraka wapate kuingia kwenye mambo mapya, na mimi naona huo ndo ugonjwa mkubwa kuliko wizi wenyewe, manake agizo lisiloulizwa kikao cha pili limekufa, mtendaji anajua na mhasibu anajua.

Tuwe wa haki lakini. Kupitishwa kwenye bajeti sio hela kuwepo benki. Baraza linapitisha makadirio, yanaenda mkoani, TAMISEMI (ofisi ya Rais inayosimamia halmashauri), mpaka Bungeni, mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, ila hela yenyewe inaweza kuingia nusunusu au ikaingia mwezi wa tano wakati mwaka unafungwa tarehe 30 Juni. Kwaiyo kabla hujamwita mtu mwizi uliza kwanza ilipokelewa lini na kiasi gani. Pengine kwenu imekuja ya lenta tu, bado ya kupaua.

Na hapa wewe una nguvu kuliko unavyodhani. Kama mradi wenu umejengwa kwa fosi akaunti, yani fundi wa kawaida bila mkandarasi mkubwa, basi pale site kuna kamati za wanakijiji: ya ujenzi, ya manunuzi, ya mapokezi. Watu wa mapokezi ndo wanaosaini kwamba saruji mifuko kadhaa imeingia. Hao ni majirani zako, mmoja labda mnakaa nae kikoba. Waulize, tena kwa upole, wengine walisaini bila kuhesabu na sasa wanaogopa. Ukishapata hesabu usiende kumpigia kelele diwani msibani. Subiri mkutano mkuu wa kijiji, unatakiwa uitishwe kila miezi mitatu na mapato na matumizi yasomwe, nyanyuka uulize, hakikisha mtendaji anaandika kwenye muhtasari. Ule muhtasari ndo unapanda kwenye kamati ya maendeleo ya kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani wako mwenyewe, na katibu ni mtendaji wa kata. Hapo hawezi kusema hakuambiwa.

Wakija tena na magari mawili, kabla ya soda waulize wana BOQ mkononi, ile orodha ya kazi na vifaa na gharama zake? Bila hiyo wanaangalia rangi ya ukuta tu.

*Mjomba vipi, mi kijana wa Dunda, nataka niende kusikiliza madiwani wakijadili bajeti. Mara ya kwanza nikaambiwa na mlinzi kikao cha ndani. Ni haki?* — Kijana wa pwani

Inategemea ulienda siku gani. Kikao cha kamati ni chao, hukaribishwi na hilo sio uonevu. Baraza la madiwani, lile linalokaa kila robo, liko wazi kwa mwananchi na waandishi wa habari, unaingia unakaa nyuma unasikiliza, ila huongei. Kuna wakati litajigeuza kuwa kamati, mfano wanajadili nidhamu ya mtumishi, hapo mtatolewa wote na mlinzi hana kosa. Ratiba iulize mapema kwa mtendaji wa kata, na ukifika pitia ubao wa matangazo, taarifa za mapato na matumizi zinatakiwa zibandikwe pale.

Ila nikuibie siri, kwenye baraza mambo mengi yameshaiva, kamati zimeshabishana huko, pale ni kupitisha. Anayetaka kuona moto aende siku ya kujadili hoja za CAG, yule mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali. Au soma ripoti yenyewe, ile ya serikali za mitaa inawekwa wazi kila mwaka ikishawasilishwa Bungeni na halmashauri zinatajwa kwa majina. Utakutana na fedha mbichi humo, yani makusanyo yaliyotumika bila kupelekwa benki kwanza, mtu kakusanya na mashine ya POS, hela ikaishia njiani. Baada ya hapo kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa, LAAC, inamhoji mkurugenzi kama afisa masuuli, yani mwenye kuwajibika kwa hela za halmashauri, na huyo anateuliwa na Rais, diwani anaweza kumbana kwa maswali lakini kumfukuza hawezi.

*Mjomba, barabara yetu imekatika mvua za masika, diwani anasema sio yake. Anatukimbia?* — Dereva wa bodaboda

Safari hii hakukimbii. Toka 2017 barabara za mijini na vijijini ziko TARURA, na maji ya vijijini toka 2019 yako RUWASA, hizo ni wakala za serikali kuu, wale sio watumishi wa mkurugenzi. Wanakuja barazani kutoa taarifa na madiwani wanawahoji, ila bajeti yao haitoki kwenye mfuko wa halmashauri. Andikeni barua kwa meneja wa TARURA wilaya, nakala kwa diwani, mtaje ilipokatika ni jirani na nini, na daladala zinapita au hazipiti.