Jibu: Profesa X kumficha Cyclops habari za mdogo wake

Salaam ndugu. Umeuliza kama Profesa X, mwalimu wa X-Men (kikosi cha mashujaa wa komiki za Marvel), alifanya sawa kumficha mwanafunzi wake Cyclops habari za Gabriel, mdogo wa Cyclops, kwa hoja kwamba kiongozi hubeba siri ili kikosi kisivunjike.

Angalia kwanza siri ilimlinda nani. Kwenye komiki za 1968 Profesa alipojifanya amekufa, alikuwa amejificha akijiandaa kuwakabili wavamizi wa Z'Nox, na Jean, mmoja wa X-Men, alijua. Uamuzi mkali, lakini naukubali.

Krakoa, kile kisiwa chenye uhai, ni habari nyingine kabisa. Soma komiki ya Deadly Genesis, iliyoanza 2005. Profesa aliwatuma huko wanafunzi wa Moira, mwanasayansi mwenzake, Gabriel akiwemo, wawaokoe X-Men waliokwama, kabla hawajaiva. Walipodhaniwa wamekufa, akamfutia Cyclops kumbukumbu za mdogo wake. Hapo hakuna adui aliyezuiwa. Aliyelindwa ni Profesa mwenyewe na heshima yake. Halafu akawapeleka X-Men wapya, Storm na Wolverine wakiwemo, kisiwa kilekile bila kuwaambia yaliyowapata waliotangulia! Hilo ndilo linaloniuma zaidi, maana anayekubali kuhatarisha roho yake anastahili kuijua hatari yenyewe.

Cyclops alipomwambia aondoke shuleni, mimi nilikuwa upande wake.