Kwa nyie mnaoanza kazi za mahakamani Boston

Napata sana meseji za vijana wa kwetu walioko Massachusetts, wamepata kazi kwenye vijiofisi vya mawakili au ndo wanasomea ukalimani wa mahakamani, wanauliza waanzie wapi. Leo nawajibu wote kwa pamoja: jueni majengo na majina ya mahakama kwanza, maana mimi vyote viwili vilinitoa jasho.

Pemberton Square, kiwanja zilipo mahakama kubwa za Boston, huioni ukiwa barabarani. Ukitoka stesheni ya Government Center kuna jengo refu limepinda kama ndizi, unapita katikati yake, unapanda ngazi, ndo unatokea kwenye kiwanja chenyewe. Pale kuna majengo mawili yamebanana. Lile la zamani la mawe, namba 1, ni John Adams Courthouse, humo ndo ilipo Supreme Judicial Court, mahakama ya juu kabisa ya jimbo, na Appeals Court, mahakama ya rufaa iliyo chini yake, nayo imo humo humo. Lile ghorofa refu la pembeni, namba 3, ni la Superior Court, kesi kubwa zinakosikilizwa mara ya kwanza. Wiki yangu ya pili kazini nikatumwa na bahasha namba 3, mimi huyoo namba 1, nikavua mkanda pale kwenye mashine ya ukaguzi, kuinua kichwa niko kwenye ukumbi mkubwa dari iko juuu, sanamu ya shaba ya wakili wa zamani Rufus Choate inanitazama (kaitengeneza Daniel Chester French, yule yule wa sanamu ya Lincoln kule Washington), hakuna foleni, hakuna mtoto analia, hakuna mtu kafungwa pingu. Nikajua hapa nimepotea.

Ule ukimya una sababu. Kule Supreme Judicial Court hakuna shahidi anayepanda kizimbani. Wanakaa majaji saba, vikao kuanzia Septemba mpaka Mei, kila upande kwa kawaida unapewa dakika 15, na muda mwingi ni majaji wanakatiza wanauliza maswali. Wanachofanyia kazi ni makaratasi yaliyopanda kutoka chini: transkripti (maneno yote yaliyosemwa kwenye kesi, yameandikwa), vielelezo, na brifu (hoja za maandishi) za mawakili. Sasa wewe mkalimani elewa hapo, shahidi akisema kwa Kiswahili transkripti inaandika Kiingereza CHAKO, ukisema "alinipiga" wakati mama kasema "alinisukuma" na hakuna aliyepinga siku ile, basi miaka miwili baadaye majaji saba wanasoma alimpiga. Ndo maana nawaambia ukikosea inua mkono pale pale useme mkalimani anaomba kusahihisha, aibu ya dakika moja tu.

Na msidhani mahakama ya juu itachimba ushahidi yenyewe. Kesi ya Sacco na Vanzetti, wahamiaji wawili wa Kiitaliano waliokutwa na hatia ya mauaji, ilipofika pale, majaji walitazama makosa ya kisheria tu, ushahidi hawakuupima upya, rufaa ikagonga mwamba 1926 na jamaa wakauawa kwa umeme 1927. Sheria ikaja kubadilishwa 1939 kwa kesi za adhabu ya kifo, na hadi leo mtu akikutwa na hatia ya mauaji ya daraja la kwanza rufaa yake inaenda moja kwa moja kwa wale saba na wanaipitia kesi nzima. Lakini bado ni kwenye makaratasi yale yale.

Haya, majina. Kuna mama mmoja Mkongomani nilimwambia kesi ya mwanawe iko "Mahakama ya Juu", nikijua nimetafsiri Superior Court vizuri tu. Akanyamaza, akaanza kukunja kitenge chake vidoleni, afu akauliza, "Baba, basi tumefika mwisho?" Kesi hata haijaanza! Tangu siku ile jina naliacha kwa Kiingereza halafu naeleza: hii ndo inasikiliza mashahidi, ile ndo ya mwisho jimboni. Wala hiyo ya mwisho usiiite Mahakama Kuu, Mtanzania anajua juu ya Mahakama Kuu kuna Mahakama ya Rufani, na Mkenya tangu katiba ya 2010 anayo Mahakama ya Juu, kila mtu atasikia lake.

Mahakama yenyewe ina umri kuliko jengo, ni ya tangu 1692 wakati jengo ni la miaka ya 1890, zamani majaji walikuwa wanazunguka miji. 1783 walikuwa Worcester, huko huko wanakoishi Wakongomani wengi sasa hivi, kwenye kesi ya Quock Walker, mtu aliyekuwa mtumwa, Jaji Mkuu William Cushing akawaambia baraza la wananchi wanaoamua kesi (jury) kuwa utumwa hauendani na katiba ya jimbo, ile ya 1780 aliyoiandika huyo huyo John Adams. Mimi hiyo nawahadithia wateja wa Worcester tukiwa kwenye treni, wanaipenda.

Vikao viko wazi kwa yeyote, nenda asubuhi moja ukakae nyuma. Soma brifu za kesi hiyo kabla hujaenda, bila hivyo utasinzia. Na mkanda uvue ukiwa bado kwenye foleni.