Buibui wa bustanini muache akae

Kama una bustani ya nyanya au mgagani hapa Dodoma, ukikuta buibui mwembamba wa kijani juu ya majani, usimguse. Mimi nalima Hombolo, na mvua zikishakolea huyu ndiye ninayemtafuta kabla sijafikiria dawa yoyote.

Papasa jani la mgagani uone vidole vinavyonata. Vinyweleo vyake vinatoa utomvu, na vidudu vidogo vikitua vinanasa. Buibui huyu, wa jamii ya Peucetia, hatandi utando wa kunasia. Anatembea juu ya vinyweleo hivyo hivyo bila kunata, miguu mirefu imejaa miiba, anawala walionasa na kuwawinda viwavi. Mmea unamkamatia chakula, naye anaupunguzia walaji. Kule Brazil watafiti wamekuta zaidi ya hapo: buibui mrukaji aitwaye Psecas chapoda anaishi kwenye mmea wa jamii ya mnanasi, na naitrojeni ya kinyesi chake inaingia mpaka kwenye majani. Anamlisha mwenyeji wake!

Simaanishi kwamba buibui hana hasara. Kwenye alizeti yuko buibui mwingine, mweupe au wa njano, anayejibanza kwenye ua, huyo hukamata hata nyuki, na nyuki tunawahitaji mbegu zijae. Hata hivyo namwacha, kwa sababu wanaotafuna ua nao huwala.

Ila usimchanganye buibui na utitiri mwekundu. Huo ni mdogo kama vumbi, unakaa chini ya jani la nyanya, na jani linaanza vidoti vya njano kisha linafunikwa na utando mwembamba. Geuza majani mara kwa mara, hasa jua likiwa kali, maana utitiri unapenda joto na ukavu, na kwetu vyote vipo. Ukiuona mapema, chuma majani yaliyoshambuliwa uyachome. Dawa inayoua kila mdudu itakuondolea na buibui, halafu utitiri unarudi kwa kasi bila wa kuula.

Ikibidi kupuliza, puliza miche iliyoshambuliwa tu, usipulize bustani nzima. Wakati wa palizi bakiza mstari wa mgagani pembezoni, mboga utachuma humo humo. Na chini ya nyanya tandaza nyasi kavu au mabua ya mtama: udongo unatunza unyevu, na buibui wa ardhini wanapata pa kujificha mchana.