Kodi ya miezi sita, mshahara wa mwezi mmoja: majibu ya barua zenu

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa watu wenye kazi. Wanaamka saa kumi na moja, wanapanda daladala, wanarudi usiku, na bado kodi ya nyumba inawashinda. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu najua wengi wenu mnapita humo humo.

*Shikamoo mama. Mimi ni mshonaji katika kiwanda cha nguo, naishi Mabibo na watoto wangu wawili. Mkononi napata 310,000 kwa mwezi. Chumba nilikuwa nalipa 70,000, sasa baba mwenye nyumba amesema kuanzia Julai ni 90,000, na anataka ya miezi sita kwa mkupuo, la sivyo nimpishe mwingine. Hiyo ni 540,000. Nimejibana nimefikisha 140,000. Kuna dada hapa mtaani anakopesha. Amesema atanipa 400,000, nirejeshe 70,000 kila wiki kwa wiki nane, na fomu ni 30,000. Wenzangu kazini wamekopa kwake. Nichukue? (Mshonaji, Mabibo)*

Marahaba mwanangu. Usichukue. Nitakuonyesha kwa hesabu, maana maisha yangu yote ya kazi nilikuwa karani wa mishahara kiwandani, na habari ya fedha naielewa nikiiona kwenye karatasi.

Elfu sabini mara wiki nane ni 560,000. Ulichukua 400,000, na hapo hapo ukatoa 30,000 ya fomu. Kwa hiyo mkopo huo umekugharimu 190,000. Zigawe kwa ile miezi sita ya kodi, unapata karibu 31,700 kwa mwezi. Chumba chako cha 90,000 kimeshakuwa cha 121,700, na mwenye nyumba hajaiona hata senti moja ya nyongeza hiyo.

Sasa tazama marejesho. Wiki nne ni 280,000. Mshahara wako ni 310,000. Utabaki na 30,000 ya kulisha watoto wawili, nauli, sabuni na daftari za shule, mwezi mzima, na mwezi unaofuata vile vile. Haiwezekani, na huyo dada anajua kwamba haiwezekani. Ndiyo maana kwenye fomu anaandika televisheni yako, mtungi wa gesi na godoro. Watu hawakuikosea mikopo hii walipoiita kausha damu. Nimeona mama akitolewa kabati nje mchana, majirani wanatazama, kwa deni ambalo mkopo wenyewe alishaumaliza na kilichobaki kilikuwa faini za kuchelewa.

Mkopeshaji mdogo kama huyu, akiwa na leseni ya Benki Kuu, ana ukomo wa riba, asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 400,000 hiyo ni 14,000 kwa mwezi, miezi miwili 28,000. Linganisha na 190,000. Anayekataa kukuonyesha leseni muage. Na usikimbilie za kwenye simu pia: Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni, na zile ndizo zilizokuwa zikituma ujumbe kwa bosi wako na mama mkwe wako kwamba wewe ni mdaiwa sugu.

Ufanye nini basi? Usingoje Julai. Nenda kwa mwenye nyumba sasa, siku ya mapumziko asubuhi akiwa ametulia, ukiwa na pesa mkononi. Lengo lako liwe miezi mitatu, yaani 270,000. Unazo 140,000, zinapungua 130,000. Hapo kuna milango miwili. Wa kwanza ni ofisi ya kazini. Omba advansi kwa barua, sema unataka ikatwe kwa miezi mitatu, na utie saini kwamba umekubali makato. Kwetu kulikuwa na kitabu cha advansi na nilikuwa nakiandika mwenyewe. Waliokuwa wakipata ni wale walioomba mapema na kuonyesha karatasi ya mwenye nyumba. Aliyekuja tarehe 20 akilia alikuta fungu limekwisha. Mlango wa pili ni mchezo. Kama upo kwenye mchezo wa kupeana, zungumza na kijumbe ubadilishane zamu na mwenzako, upokee Juni badala ya mwezi utakaokuwa huna haja nayo. Mchezo hauna riba, na tangu leo panga zamu yako iangukie mwezi wa kodi kila mwaka.

Ukifika kwa mwenye nyumba, zungumza naye pia habari ya chumba chenyewe. Kama paa linavuja au mfereji wa nyuma umeziba, mwambie. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka mwenye jengo aliyepangisha sehemu yake atunze paa, kuta kuu, mifereji mikubwa na sehemu mnazotumia pamoja. Si lazima umtishie. Sema tu: baba, nipe miezi mitatu, na lile bati litengenezwe kabla ya mvua. Na kama mkataba wako wa sasa haujaisha, bei haipandi katikati yake.

Ila bei yenyewe ya mkataba mpya hakuna wa kumzuia, na hapa ndipo roho inaponiuma. Tulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, na baraza ambalo mpangaji aliweza kupeleka shauri lake. Ilifutwa mwaka 2005. Sisemi ilikuwa nzuri yote, wenye nyumba walikuwa na manung'uniko ya haki. Lakini tangu hapo mpangaji na mwenye nyumba wameachiwa wapatane wenyewe, na mapatano ya mwenye nyumba wa vyumba kumi na mama mwenye watoto wawili usiku wa tarehe 30 ni mapatano ya upande mmoja. Mimi naona kwamba kinachowaumiza wafanyakazi kuliko bei ni huu mkupuo. Mwajiri anawalipa kwa mwezi, mwenye nyumba anawadai kwa nusu mwaka, na anayejaza pengo hilo katikati ni mkopeshaji. Sheria ikisema kodi ya nyumba ya makazi ilipwe kwa mwezi, dada yule wa fomu atapoteza wateja wengi siku hiyo hiyo. Wabunge wetu wanajua, maana suala hili limeshasemwa bungeni. Walimalize.

Jambo moja la mwisho kwako. Kima cha chini cha sekta binafsi kilipandishwa kuanzia Januari 2026, kwa wastani kutoka 275,060 hadi 358,322. Huo ni wastani, kila sekta ina kiwango chake. Nenda kwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi uulize kiwango cha sekta yenu ni kipi na kama hati yako ya mshahara inakifikia.

*Mama, salaam. Tupo wapangaji wanane nyumba moja Manzese, LUKU moja. Kila wiki tunachanga, na kila wiki ni ugomvi. Mwenye friji anasema tunamwonea, sisi wenye taa na chaji ya simu tunaona yeye ndiye anayetumaliza. Tena kila mwezi ukinunua umeme mara ya kwanza kuna pesa inakatwa. Tufanyeje? (Fundi viatu, Manzese)*

Pesa inayokatwa ni kodi ya jengo. Tangu 2021 inakusanywa kupitia LUKU, na kwa nyumba ya kawaida sasa ni 1,500 kwa mwezi, 18,000 kwa mwaka. Hiyo ni kodi ya mwenye jengo. Nyinyi mnamlipia. Tunzeni ujumbe wa kila manunuzi ya kwanza ya mwezi, na siku ya kulipa kodi ya vyumba mumwonyeshe mwenye nyumba akate. Si pesa ya kugombania, ila ni yenu.

Ugomvi wa friji ni mdogo kuliko hasara ambayo hamuioni. TANESCO wana bei ya mtumiaji mdogo. Asiyezidisha uniti 75 kwa mwezi analipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya VAT na tozo. Akizidi, anahamishiwa bei ya kawaida, 292 kwa uniti. Chukua kila chumba kinatumia uniti 30. Kila mmoja angekuwa na mita yake, angelipa 3,000. Kwa kuwa wanane mmo kwenye mita moja, jumla ni uniti 240, mmepita 75 kwa mbali, na fungu la kila mmoja linakuwa 8,760. Mtu mwenye taa mbili na redio analipa bei ya mtu mwenye kiyoyozi, kwa sababu tu amepanga chumba badala ya nyumba nzima. Bei ya kumsaidia mnyonge imewekwa, na mnyonge wa uswahilini haipati. Ningependa wanaopanga bei hizo walisikie hili.

Mita ndogo za kila chumba mnazonunua madukani zitamaliza ugomvi, kila mtu ataona alichotumia, fungeni kwa mchango. Lakini bei haitashuka. Bei itashuka mwenye nyumba akiomba TANESCO mita zaidi, hata mbili tatu. Mwambieni mtachangia gharama na ikatwe kwenye kodi, kwa maandishi.

*Mama yangu, nauza kwenye duka la vitenge Kariakoo na nimepanga Buguruni kwa 100,000. Bunju ndani nimepata chumba kama hiki kwa 50,000. Nikihamia si nitaweka akiba ya 50,000 kila mwezi ninunue kiwanja? (Kijana wa Buguruni)*

Hutaweka. Kwa viwango vya nauli vilivyotangazwa Desemba 2023, safari isiyozidi kilomita 10 ni 600, ya kilomita 26 hadi 30 ni 1,100. Kwenda na kurudi umeongeza 1,000 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni 26,000. Umesema "Bunju ndani", maana yake usiku ukishuka barabarani utapanda bodaboda. Ikiwa ni 1,000 tu, nyingine 26,000 hizo. Jumla 52,000. Akiba yako imeisha kabla hujanunua maji ya kunywa kwenye foleni, na umepoteza saa tatu za kila siku.

Watu huhamia mbali wakiwa na kiwanja tayari, wakajenga chumba kimoja, wakaacha kulipa kodi kabisa. Hapo nauli ina maana. Kaa Buguruni, tafuta mwenzako wa kuaminika mchangie chumba kwa mwaka mmoja, kila mtu 50,000. Hiyo ndiyo akiba yako. Ukifika wakati wa kiwanja, usitoe hata awamu ya kwanza kabla hujafika serikali ya mtaa na ofisi ya ardhi ya manispaa kuuliza eneo hilo ni la nani na limepangwa kuwa nini.

*Dada, nasoma majibu yako na unatupiga sana sisi wenye nyumba. Mimi ni mjane Mbagala, marehemu ameniachia vyumba vinne, ndivyo vinavyonilisha. Niliwahi kupokea kodi ya mwezi mwezi. Mmoja alikaa miezi miwili bila kulipa, akahama usiku na funguo. Unataka nile nini? (Mama mwenye nyumba, Mbagala)*

Dada yangu, pole, na asante kwa kuniandikia. Sikuweki kundi moja na mwenye vyumba kumi anayepandisha kodi kwa sababu jirani kapandisha. Hofu yako ina haki. Lakini hofu hiyo inatibiwa kwa amana, na mkupuo wa miezi sita ni dawa kali kuliko ugonjwa.

Fikiria chumba chako cha 90,000. Ukidai miezi sita, unamtafuta mtu mwenye 540,000 mkononi, tena na mwezi mmoja wa dalali juu yake, jumla 630,000. Wafanyakazi wenye pesa hiyo kwa pamoja ni wachache, kwa hiyo chumba kinakaa wazi. Kikikaa wazi miezi miwili tu umepoteza 180,000, sawasawa na alichokuibia yule aliyehama usiku, isipokuwa hasara hii ya chumba kitupu haina wa kumlaumu.

Chukua mwezi mmoja wa kodi na mwezi mmoja wa amana. Mpangaji anaingia kwa 180,000, wewe una kinga ya mwezi mzima. Andikeni mkataba, muupeleke serikali ya mtaa ugongwe muhuri, na humo iwemo namba ya kitambulisho cha taifa, mahali anapofanya kazi, na mdhamini mmoja anayefahamika. Andika pia kwamba kodi ikichelewa siku kumi na nne mazungumzo yanahamia kwa mtendaji, ili usibaki wewe peke yako na mlango uliofungwa. Yule aliyekukimbia, nadhani, hukuwa hata na jina lake la tatu.

Kodi ilipwe kwa simu, kila mmoja abaki na ujumbe wake. Na tarehe ya kulipa weka tano, usiweke moja. Viwanda na maduka mengi hulipa kati ya tarehe 28 na 3. Ukimdai mtu tarehe moja unamlazimisha akope siku nne, na hizo siku nne ndizo zinazomfikisha kwa dada wa fomu.