Damu haijaganda saa moja baada ya dripu: je, dawa ya nyoka ni feki?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni tabibu wa zahanati moja huku Mbarali. Jana tulipokea mama aliyeumwa kidoleni na nyoka wa kijani wa mtini, mwenye macho makubwa, akiokota kuni. Hakuvimba sana, ila leo asubuhi fizi zinatoka damu. Tumempa chupa mbili za dawa ya sumu ya nyoka. Saa moja baadaye tukachota damu yake, haikuganda. Tukaichanganya na dawa kidogo kwenye tyubu, bado ikabaki maji. Tumeuziwa dawa feki?

JIBU: Marahaba. Kama mama bado yuko kwenu, mpeni rufaa sasa hivi, na asichomwe sindano yoyote ya msuli, maana patavuja damu ndani kwa ndani.

Sasa hiyo tyubu. Naletewa kipimo hicho mara kwa mara, na kila mara kinanihuzunisha, kwa sababu kimewahi kufanya dawa nzuri itupwe. Sumu ya nyoka wa aina hiyo huchochea damu igande ovyo mwili mzima, hadi fibrinogeni, ile protini inayofumwa kuwa nyuzi za bonge la damu, ikaisha. Dawa hukamata sumu, basi. Hairudishi fibrinogeni. Ninyi mmetia dawa kwenye damu isiyo na nyuzi tena; hata ingekuwa dawa bora duniani, bonge lingetoka wapi? Kazi ya kutengeneza fibrinogeni ni ya ini, nalo linahitaji muda. Ndiyo maana kipimo cha kuangalia kama damu inaganda hurudiwa saa 6 baada ya dawa.

Maabara wanaopima dawa hizi hufuata mpangilio mwingine kabisa. Sumu ya kiasi kinachojulikana huchanganywa na dawa kwanza, huachwa kwenye nyuzijoto 37 kwa nusu saa hivi, ndipo hutiwa kwenye plazma, yaani majimaji ya damu yaliyotenganishwa na chembe zake, ya mtu mzima wa afya. Sumu peke yake ingeigandisha plazma hiyo kwa sekunde 60. Dawa inayofaa huchelewesha. Wapo pia panya wanaodungwa mchanganyiko huo, na baada ya saa moja damu yao huangaliwa kama bado inaganda. Angalia vizuri: sumu na dawa hukutana kabla sumu haijaanza kazi. Kwa mama yenu sumu ilitangulia karibu siku nzima.

Halafu, tyubu gani? Ile ya kifuniko cha zambarau ina kemikali ya kuzuia damu isigande. Inatakiwa tyubu mpya ya kioo, kavu, isiyowahi kuoshwa kwa sabuni. Tia mililita 2 za damu, iache dakika 20 bila kuitikisa, kisha iinamishe mara moja tu.

Lakini mimi naogopa zaidi lebo. Maelezo yako yananielekeza kwa nyoka aitwaye bumslangi, na dawa za nyoka mchanganyiko, zile za nyoka wengi kwa pamoja, hazimgusi huyo. Ana dawa yake peke yake, inayotengenezwa Afrika Kusini, na hata ikichelewa hadi siku ya pili bado husaidia. Kwa hiyo dawa yenu inaweza kuwa halisi na bado isimfae. Dawa hupimwa dhidi ya sumu za nyoka waliotajwa kwenye lebo, na asiyetajwa usimdhanie. Ghana waliwahi kuingiza dawa isiyolingana na sumu ya nyoka wao, na vifo kati ya walioumwa vikapanda kutoka asilimia 1.8 hadi 12.1.

Na wauza jiwe jeusi nao wana "kipimo" chao: jiwe likinata kwenye jeraha, eti linanyonya sumu. Jiwe hilo ni mfupa uliochomwa; lina vitundu, hunata popote penye majimaji. Wakati huo sumu imeshasambaa mwilini. Wanaopona hao mara nyingi nyoka aliwang'ata bila kutia sumu, na sifa zote hupewa jiwe. Nimempokea kijana kutoka Chunya, siku ya tatu, jiwe limefungwa mguuni kwa mpira wa baiskeli. Lilikuwa bado limenata vizuri kabisa, na damu inachuruzika pembeni yake.