Sauti ya Mwanamume Ilikwenda Wapi?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, katika vitu vya marehemu baba tumekuta sahani ya santuri yenye wimbo wa Kibrazili uitwao "Garota de Ipanema", yaani "Binti wa Ipanema", kitongoji cha ufukweni jijini Rio de Janeiro. Humo anaanza mwanamume kwa Kireno, kisha anafuata mwanamke kwa Kiingereza. Redioni, tangu utotoni, nimekuwa nikimsikia mwanamke peke yake, na mume wangu anashikilia kwamba huo wa redioni ndio wa asili. Je, ni kweli?
Msomaji, Tanga

JIBU: Dada yetu, mumeo amekosea, ingawa anao wenzake wengi duniani. Kwa maelezo yako, sahani mliyoikuta ni albamu ya "Getz/Gilberto", iliyorekodiwa New York mwezi Machi 1963 na kutolewa mwaka uliofuata. Anayeanza kwa Kireno ni João Gilberto, ambaye pia ndiye mpiga gitaa. Anayemfuata ni Astrud, mkewe wa wakati huo, ambaye hakuwa mwimbaji wa kazi. Saksafoni ni ya Mmarekani Stan Getz, na kwenye piano ameketi mtunzi mwenyewe, Antônio Carlos Jobim. Tazama upande wa mbele wa jalada: Getz, João na Jobim wametajwa, lakini Astrud hayumo.

Wimbo mzima unazidi dakika 5. Ilipotolewa sahani ndogo ya kupigwa redioni, beti za João zilikatwa zote, wimbo ukabaki chini ya dakika 3, na Astrud, yule asiyetajwa jaladani, akawa ndiye mwimbaji pekee. Mkato huo ulipanda hadi nafasi ya 5 katika chati ya Marekani mwaka 1964, na mwaka 1965 ukatwaa Tuzo ya Grammy ya Rekodi ya Mwaka.

Hata hivyo, hiyo ndefu nayo siyo mwanzo. Jobim na mshairi Vinicius de Moraes waliutunga wimbo mwaka 1962, ukaimbwa hadharani Agosti mwaka huohuo katika mgahawa wa Au Bon Gourmet, Copacabana, kitongoji kingine cha Rio, na mwimbaji Pery Ribeiro akaurekodi Brazili mwaka 1963, kabla albamu ya Getz haijafika madukani. Watu hupenda kusimulia kwamba Jobim na Vinicius waliuandika baani, wakimwangalia binti akipita kwenda baharini. Baa ilikuwapo, ikiitwa Veloso, na binti alikuwapo pia, Helô Pinheiro, kama Vinicius alivyotangaza mwaka 1965. Lakini muziki Jobim aliutunga nyumbani kwenye piano, na maneno Vinicius aliyaandika Petrópolis, mji wa milimani, baada ya kuyatupa maneno ya awali yaliyoitwa "Menina que Passa", yaani binti apitaye. Siku hizi baa hiyo ina jina la wimbo, na mtaa wake una jina la mshairi.

Kwa maoni yangu, hasara kubwa ya mkato ule haiko katika urefu. Katika Kireno, mwenye kuimba anajiuliza kwa nini yuko mpweke hivi, kisha anamaliza kwa kusema kwamba binti akipita ulimwengu wote hujaa neema, na hupendeza zaidi kwa sababu ya mapenzi. Katika Kiingereza cha Norman Gimbel, aliyeandika maneno ya lugha hiyo, neema hiyo haimo. Amebaki mwanamume anayesikitika kwamba hatazamwi. Tena, kwa kuwa mwimbaji ni mwanamke, "mimi" ikageuzwa kuwa "yeye", na sarufi ya Kiingereza ikavunjwa ili kina kikae.

Waliofuata ni wengi mno. Ella Fitzgerald alimgeuza binti kuwa kijana wa kiume. Frank Sinatra aliurekodi mwaka 1967 pamoja na Jobim mwenyewe, kila mmoja kwa lugha yake. Rekodi ya Amy Winehouse ilitoka mwaka 2011, baada ya kifo chake. Na katika ufunguzi wa Olimpiki ya Rio mwaka 2016, mjukuu wa mtunzi, Daniel Jobim, aliuimba kwa Kireno.

Msiiuze sahani hiyo kabla mumeo hajaisikiliza. Mkifika sehemu ya kati, ambapo kipande kimoja cha sauti kinarudiwa mara tatu, kila mara juu zaidi, msikilizeni João: noti zinapanda, lakini yeye anaimba kana kwamba kuna mtoto amelala chumba cha pili.